Mbwa Aliyemeza Futi ya Mama Pindo

"Futi yangu iko wapi? Wifi, nauliza kwa mara ya mwisho. Nikimaliza kuuliza, naanza kupekua!"

"Pekua. Anzia kifuani, ukikosa shuka chini."

"Usinichekeshe, nimekasirika! Jana jioni ulikaa kwenye kigoda hicho hicho, unaizungusha futi yangu kidoleni huku unasengenya watu. Leo futi haipo. Nimshuku nani, cherehani?"

"Nishuku mimi. Nilikuwa na njaa, nikaila."

Huyo anayenipigia kelele ni dada wa mume wangu, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo kwa sababu gauni alilolishona litachanika popote jingine, lakini pindo la chini halitafumuka. Kibanda chake na duka langu la ndoo na sabuni vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo akipiga chafya upande wake mimi nasema afya upande wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu, kwa kushona sare za shule mchana kutwa na kulalamika mchana kutwa. Siku nilipoletwa kwao kutambulishwa alinipima gauni la harusi, akanizungushia futi kifuani na kusema, "Kifua kipo. Adabu tutaiona baadaye." Mpaka leo anaitafuta.

Kulalamika kwake ni kama kupumua kwa mtu mwingine. Analalamikia mvua, analalamikia jua, analalamikia nyuzi za siku hizi zinazokatika ukizitazama tu vibaya. Ukimkuta amenyamaza, kamwite daktari.

Na mbwa alimpata kwa njia hiyo hiyo ya malalamiko. Wapangaji wa nyumba ya nyuma walihama. Watu wale walibeba vitanda, wakabeba mapazia, wakafungua hadi balbu za choo wakaondoka nazo, ila mbwa wakamwacha kwenye nguzo ya bomba, amefungwa waya wa umeme shingoni. Mbwa akabweka. Mama Pindo akalalamika. Mbwa akabweka, Mama Pindo akalalamika, mpaka mimi sikujua nimfungie nani mlango. Mwishowe akainuka na mkasi wake.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu mkasi ule. Ni wa kukatia kitambaa, na hakuna kitu kingine kinachoruhusiwa kati ya makali yake. Siku moja mume wangu aliutumia kukatia karatasi, hakusemeshwa mpaka alipomtuma shemeji wa jirani kumwombea msamaha. Basi mkasi huo huo ndio Mama Pindo alioutumia kukata waya wa umeme shingoni mwa mbwa. Ukapata pengo. Akarudi nao mkono mmoja, mbwa anamfuata nyuma, na njia nzima anagomba: "Tazama pengo hili! Tazama ulivyoniharibia!"

Alimwita Kifungo, maana kuzunguka jicho moja ana doa jeusi la mviringo kama kifungo cha koti. Ukimuuliza, anasema, "Si wangu. Anapita tu." Kifungo amepita pale zaidi ya mwaka, analala chini ya cherehani, kichwa kando ya pedeli.

Turudi kwenye ugomvi wetu. Kwa kawaida tukianza kupayuka, Kifungo naye hudakia, kwa sababu hapendi kuachwa nje ya mazungumzo. Siku ile hakutoa sauti. Nikachungulia chini ya cherehani. Amejikunja, mgongo juu, udenda unamtoka, na chakula chake cha tangu jana hakijaguswa. Nikamfungua mdomo. Chini ya ulimi palikuwa na kitu cha njano, kimezunguka kama kitanzi na kuingia kooni. Kilikuwa na mistari midogo myeusi na namba.

"Wifi," nikasema, "futi nimeiona."

"Iko wapi?"

"Kwanza keti."

Hakuketi. Akapiga magoti na kuangalia, nikaona uso wake ukibadilika rangi. Mimi nikanyoosha mkono nivute. Akanichapa vidole kwa rula ya mbao.

"Usivute! Uzi ukikwama ndani ya mashine huuvuti, ukiuvuta unaharibu kila kitu!"

Nikampigia simu mume wangu, ambaye ni fundi uashi na siku hiyo alikuwa anajenga ukuta mtaa wa pili. Akaja na toroli lake, bado lina vumbi la saruji. Tukamlaza Kifungo juu ya pazia la mteja ambalo halijapigwa pindo, tukaondoka mbio. Mume wangu anasukuma, mimi nashika mbwa asidondoke, Mama Pindo ametangulia anatufungulia njia kwa mikono. Nikashangaa, maana hasemi neno. Njia nzima hasemi neno! Nikajua hapa pana msiba. Kumbe alipokuwa anakunja lile pazia la toroli alitia pini mdomoni, safu nzima, akazibana kwa midomo kama wafanyavyo mafundi, na kwa hofu alisahau kuzitoa. Tulipofika mlangoni kwa daktari wa wanyama akazitema kiganjani na maneno yote yakatoka kwa pamoja.

Daktari ni mwanamama kijana, mabuti ya mpira miguuni, mikono ina mikwaruzo ya paka.

"Kameza nini?"

"Futi ya kupimia," nikasema. "Ya fundi."

"Yote?"

"Huyu hafanyi kazi nusu nusu," akasema Mama Pindo.

Wakampiga picha ya eksirei. Daktari akaishika kwenye mwanga na kutuonyesha kile kichuma kidogo cha ncha ya futi, kiko mbali sana ndani. Akasema ncha moja imenasa chini ya ulimi, iliyobaki inaendelea kushuka, na utumbo unazidi kujikusanya juu yake. Mama Pindo akaitazama ile picha, akashika kiuno.

"Yaani umevuta marinda."

"Ndiyo hasa," akasema daktari. "Na rinda hili likikatika, mbwa amekwisha. Lazima nimpasue. Kazi ya mikono yangu nitawakopesha, mama. Lakini dawa ya usingizi, nyuzi na dripu nanunua kwa taslimu, na kabatini sina. Nikianza leo alasiri, nina matumaini. Nikianza kesho, nitakuwa nashona kitu kilichooza."

Akataja hela. Mume wangu akakohoa. Sisi sote watatu tukageuza mifuko, na tulichopata kingetosha kununua glavu tu.

Kifungo alikuwa amelala mezani, jicho lake la kifungo linamfuata Mama Pindo kila anapokwenda. Hakulia. Mkia tu ulipiga meza mara moja, kama mtu anayebisha hodi na hana nguvu ya kusubiri. Nilimwona wifi yangu akifuta pua kwa pembe ya lile pazia la mteja.

"Hela ninazo," akasema ghafla. "Zinaning'inia ukutani."

Nikamwelewa mara moja. Kila fundi anao ukuta huo. Mteja anakuja anahema, shona haraka mama, nina sherehe Jumamosi. Anatoa kianzio. Fundi anakesha. Jumamosi inapita, mteja hatokei, na ukikutana naye sokoni anageuka kuangalia vitunguu. Ukuta wa Mama Pindo ulikuwa umejaa nguo zilizokamilika, zimepigwa pasi, zinasubiri wenyewe waje na hela iliyobaki.

"Kuwafuata nyumba kwa nyumba hatutawahi," nikasema. "Inabidi waje wenyewe. Tuzivae nguo zao, tuzitembeze mtaani."

"Zivaliwe na watu wengine?"

"Wewe ungeona mwenzako amevaa gauni lako ambalo hujalilipia, ungekaa?"

Akafikiri. Akamtazama mbwa. "Sawa. Lakini usitaje jina la mteja hata mmoja. Mimi ni fundi, si gazeti. Nikitangaza majina nani ataniletea kitambaa tena?"

"Sitataja jina," nikaapa. Na kweli sikutaja.

Tukamwacha mume wangu amshike mbwa, Mama Pindo akabaki kwanza kumbembeleza daktari amwekee dripu ya mwanzo, mimi nikatimua mbio. Muuza dawa ya wadudu anayezunguka mitaani na spika begani akaniazima spika yake, ila akanionya kwamba swichi imekufa: katikati ya maneno yako itatoa tangazo lake yenyewe. Kinyozi, mwembamba kama kitana chake, alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja akaja kuvaa. Shangazi muuza mkaa, mtu wa makamo mwenye miraba minne, akajipenyeza ndani ya gauni la zambarau lenye mikono iliyovimba mabegani. Kila nguo ilikuwa na kikaratasi cha vipimo vya mwenyewe, kimebanwa kwa pini. Dakika chache baadaye tuko barabarani.

"Haya, haya, haya!" nikapaza. "Mbwa wa Mama Pindo anapasuliwa leo! Nguo zenu zinawasubiri! Tazameni gauni hili la zambarau, lilishonewa harusi ambayo maharusi wake sasa wana watoto wawili! Jina la mwenyewe silitaji, nimeapa. Ila ana kifua arobaini na nne, nyonga hamsini na..."

"KUNGUNI! MENDE! PANYA WAKUBWA KWA WADOGO!" ikasema spika.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Shangazi muuza mkaa akazunguka kama bibi harusi, mshono mmoja ukalia kwapani.

Mimi nawaambia ukweli, sikuona kosa. Mimi ni muuza ndoo. Ndoo inaitwa kwa ujazo wake: hii lita kumi, hii lita ishirini, na hakuna ndoo iliyowahi kununa. Nilidhani namba ni namba. Sikujua kwamba ukitaja nyonga ya mtu mtaani umemtaja yeye, mama yake na chakula chake cha jioni. Watu wakaanza kupimana kwa macho. "Hamsini na ngapi? Huyo si mke wa..." "Nyamaza, anasikia!" Na kutoka dirisha la juu sauti ya mwanamke ikapasuka:

"Nakuja! Zima hiyo spika! Nakuja na hela!"

Akashuka ngazi kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Akalipa, akambomoa shangazi kutoka kwenye gauni pale pale nyuma ya kanga iliyoshikwa na majirani. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kupaza sana. Nilikuwa nikiinua nguo tu na kufungua mdomo, "Huyu mwenyewe kiuno...", mtu anatokea mbio na noti mkononi. Wengine walilipa nguo isiyokuwa yao ili wasisikie namba inayofuata. Mwalimu mmoja wa kike alilipa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mungu anakuona," akaondoka na sketi yake ndani ya mkoba.

Kisha akatoka kinyozi na suruali.

Ilikuwa suruali ya kijivu, imenyooshwa vizuri, na kinyozi alikuwa ameishika kiunoni kwa mikono miwili huku mtu mwingine angeweza kuingia humo wakapiga soga. Akatembea nayo kwa madaha.

"Suruali ya heshima!" nikasema. "Kiuno arobaini na nane!"

Sikutaja jina. Lakini vichwa vyote, kama vimefungwa kamba moja, vikageukia buchani.

Muuza nyama akatoka, aproni ina damu, shoka dogo mkononi. "Nani kasema arobaini na nane?"

"Sijamtaja mtu, baba."

"Mimi ni arobaini na mbili!"

"Basi si yako."

"Ni yangu!"

Watu waliketi chini kwa kucheka. Kinyozi akasahau wajibu wake akapangusa machozi kwa mikono yote miwili, suruali ikashuka hadi vifundoni.

"Nipimwe!" muuza nyama akanguruma. "Hapa hapa, mbele ya mashahidi! Lete futi!"

"Futi iko tumboni mwa mbwa!"

"MENDE! VIROBOTO!" ikasema spika.

"Basi sitoi hata senti," akasema, "mpaka nipimwe kwa futi halali." Akarudi ndani, akagonga shoka kwenye gogo kama anakata shingo yangu.

Hapo ndipo Mama Pindo alipofika. Alisikia yote tangu kona ya mtaa. Alikuja taratibu, na wifi yangu akija taratibu ni heri aje anakimbia.

"Umesoma vipimo vya watu."

"Majina sikutaja."

"Umewavua nguo wateja wangu barabarani, wewe mwanamke! Jina mtu anapewa na wazazi, kiuno ni chake mwenyewe! Miaka yote hii hata mume wa mtu sijawahi kumwambia kipimo cha mkewe!"

"Wifi, nigombeze baadaye. Shika hela."

Akashika. Akahesabu kwa midomo. Zilipungua kidogo tu, karibu sawa na ile iliyobaki kwenye suruali ya kijivu. Akaenda mlangoni mwa bucha, nikamsikia akimwomba muuza nyama radhi kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuonjeshwa. Hakumwomba hela. Kisha akashika pindo la gauni lake mwenyewe akakimbia, na sisi nyuma yake: mimi, kinyozi na suruali yake ya watu, shangazi muuza mkaa aliyebaki na shimizi na kanga, na mteja wa kinyozi aliyenyolewa upande mmoja, kwa kuwa alisema hawezi kurudi kazini hivyo na hawezi kukosa mwisho.

Daktari alizitazama hela, akatutazama sisi, akauma midomo asicheke. "Zimepungua. Lakini dawa zinatosha. Kilichobaki mtaniletea." Akafunga mlango.

Tulikaa kwenye benchi pamoja na bibi mwenye paka kikapuni. Mama Pindo alishika pazia lile alilolalia Kifungo, akatoa sindano ndani ya kilemba na kuanza kulipiga pindo. Mishono yake ilikwenda upande. Akafumua, akaanza upya, ikaenda upande tena. Mume wangu, ambaye mbele ya dada yake huwa mtoto wa darasa la kwanza mpaka leo, akamwambia, "Dada, atapona." Akajibu, "Nani kakuuliza?" lakini akamsogelea mabega yakagusana. Hata mimi nilinyamaza, jambo ambalo kinyozi aliligusia kwa kunishika paji la uso kama napimwa homa.

Jua lilikuwa limeshuka madirishani mlango ulipofunguka. Daktari alikuwa na bakuli la chuma mkononi.

"Kila ninapotoa kitu tumboni nabaki na wasiwasi, je, nimetoa chote?" akasema. "Leo ni mara ya kwanza nimetoa kitu chenye namba. Nimezisoma toka moja hadi mwisho. Hakuna iliyobaki ndani."

"Na yeye?" akauliza Mama Pindo.

"Utumbo mzima. Hakuna palipotoboka. Mmewahi."

Tulisikia kutoka ndani kitu kinagonga ndoo ya bati. Kulikuwa ni kugonga kwa mkia. Mama Pindo akaingia, na sisi tuliobaki nje tukasikia akianza: "Mbwa mpumbavu! Futi yangu ya zamani! Tazama pazia la watu! Unajua umenitia aibu kiasi gani?" Akaendelea, akaendelea, na shangazi muuza mkaa akanikumbatia akaniinua juu na kunizungusha mpaka paka wa bibi akatoroka kikapuni. Tukamkimbiza paka chumba kizima, kinyozi akianguka kila hatua ya pili. Nimehudhuria harusi zenye furaha ndogo kuliko ile.

Kifungo alirudi nyumbani na mshono tumboni ambao Mama Pindo aliukagua na kuupa maksi saba juu ya kumi. Ili asiulambe, daktari alitaka avikwe kinga shingoni, nami nikatoa ndoo yangu ndogo ya njano, mume wangu akaikata kitako, tukamvisha. Akawa anagonga kila mlango, na akibweka ndani ya ndoo mtaa wa tatu wanasikia. Wifi hakunisemesha kwa muda, ila aliendelea kunilalamikia kupitia ukutani, kwa hiyo sikukosa kitu.

Kilichomkosesha raha ni deni la daktari. Lilikuwa dogo, na daktari hakuuliza. Lakini Mama Pindo alikuwa anapita njia ya nyuma asionekane, yeye ambaye watu ndio humkwepa.

Asubuhi moja, duka langu likiwa tupu, muuza nyama akaja. Hana aproni, amechana nywele. Akasimama mlangoni kwa Mama Pindo.

"Nasikia una futi mpya."

"Ninayo, baba. Karibu."

"Nipime."

Akavuta pazia. Mimi nikabandika sikio kwenye ukuta wa mbao mpaka nikapata kibanzi shavuni. Nilisikia kupumua. Nilisikia, "Usivute tumbo ndani, baba, suruali haidanganywi." Kisha nikasikia mnong'ono mfupi, namba moja tu, imesemwa chini kiasi kwamba hata mende asingeipata. Kisha mlio wa noti.

Muuza nyama alitoka na suruali yake chini ya kwapa, imefungwa kwenye karatasi. Akanitazama kwa jicho moja. "Habari za ndoo?" akasema, akaenda zake bila kusubiri jibu.

Nikaruka upande wa pili. "Wifi! Ngapi?"

"Kauze sabuni."

"Nilikosea au sikukosea? Niambie hilo tu! Ilizidi? Ilizidi, sivyo?"

Akang'ata uzi, akaukata kwa meno, akasokota zile noti ndani ya leso. Wala hakuzihesabu mbele yangu. Akampigia mluzi Kifungo, wakatoka wawili, ndoo ya njano ikigonga mwimo wa mlango, na hawakupita njia ya nyuma. Walipita barabara kubwa katikati kabisa, hadi kwa daktari.

Walirudi mchana. Leso ilikuwa tupu, ameifunga shingoni mwa mbwa, juu ya ndoo. Na njia nzima nilimsikia akilalamika kwamba daktari yule hana adabu: mtu unampelekea hela yake yote mpaka senti ya mwisho, naye anaitia mfukoni bila hata kuihesabu.